Hasara ya Njiani: Msafara, Mkandarasi na Bima katika Nchi ya Unyanyembe

Mtu aliyetaka kuondoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika miaka ya 1850 hakufunga mtumba hata mmoja wa nguo kabla ya kupatana na wenziwe juu ya mambo mawili: mali hii ni ya nani, na ikipotea njiani hasara yake itamwangukia nani. Mapatano hayo hayakuandikwa katika sheria ya serikali yoyote, kwa kuwa baina ya mrima na ziwa la Tanganyika hapakuwa na serikali moja ya kuyasimamia. Walakini yalijulikana kwa kila tajiri, kila kirangozi aliyeongoza njia na kila mpagazi, na msafara uliodharau kuyatengeneza mapema aghalabu ulijuta kabla haujavuka Ugogo. Leo hii fundi wa Tabora aliyepata kazi ya kujenga zahanati huko Sikonge au kuchimba kisima huko Uyui, ambaye hupakia saruji, nondo na vibarua wake katika pikapu aliyoinunua kwa jasho lake, hupita katika nchi ile ile na kukabiliwa na maswali yale yale; ila majibu yake yeye yamekwisha kuandikwa katika hati ya bima iliyokunjwa ndani ya gari, nayo aghalabu hajapata kuisoma. Kwa kuwa naamini kwamba mtu huyo anastahili kujua amesimama mahali pa nani katika historia ya njia hii, nataka kusimulia namna nchi yetu ilivyogawa hasara zake tangu zama za misafara mpaka zama za stika za bima.

Tabora yenyewe ilizaliwa na safari. Kabla jina hilo halijaenea, wageni waliyaita makao yao Kaze, ndani ya nchi ya Unyanyembe iliyotawaliwa na Mtemi Fundikira. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Surat, inasemwa alifika huko pamoja na nduguye Sayyan mnamo mwaka 1825. Waarabu wakafuata nyuma yao, na mnamo mwaka 1852 Snay bin Amir, Mharthi, akawa miongoni mwa waliosimamisha makao ya kudumu, wakajenga tembe zenye kuta nene, ghala za pembe na bustani za matunda ya pwani. Lakini si wageni waliowafundisha Wanyamwezi kusafiri. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani na pembe zao tangu kabla ya hapo, kwa misafara yao wenyewe na viongozi wao wenyewe, hata ikawa kwamba kijana asiyepata kuiona bahari alipungukiwa na heshima mbele ya rika lake, na kazi ya upagazi ikahesabiwa kuwa kazi ya kiume yenye adabu na fahari yake.

Urefu wa njia hiyo si jambo la kupimwa kwa maili peke yake. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walioondoka pwani katikati ya mwaka 1857 walifika Kaze tarehe 7 Novemba mwaka huo, siku ya 134 ya safari yao. Katika siku hizo mtu alivuka Uzaramo, akapanda milima ya Usagara, akapumzika Mpwapwa, akaingia Marenga Mkali pasipo maji, akafika Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo yake ya nguo kabla ya kumruhusu mgeni kuteka maji ya kisima. Kisha akaiona Mgunda Mkali, nyika ya miiba na mawe iliyokuwa ikiogopwa na wapagazi kuliko adui mwenye silaha, akatokea Tura na Rubuga, na hatimaye akayaona mashamba ya Unyanyembe. Aliyeendelea magharibi alikuwa bado na mto Malagarasi, ambao wenye mitumbwi yake walitoza nguo kwa kila mtumba na kila kichwa, na chumvi ya Uvinza, na mwisho Ujiji. Katika kila mahali pale palikuwa na namna yake ya kupoteza mali: moto wa nyika, mvua iliyoozesha nguo, njaa iliyowatawanya watu, ndui iliyoingia kambini, vita vilivyozuka baina ya watemi wawili ambao msafara haukuwa na ugomvi na yeyote kati yao.

Wako waliosema kwamba hongo ilikuwa bima ya zama zile. Mimi sikubali. Hongo ilinunua ruhusa ya kupita, na pengine ilinunua urafiki wa mtemi kwa msimu mmoja. Haikununua ahadi ya kulipwa. Mtu aliyelipa hongo na bado akaibiwa mbele ya safari hakurudi kwa aliyempa hongo akamwambia, nirudishie thamani ya mitumba yangu. Bima ni ahadi ya fidia iliyowekwa kabla ya hasara kutokea, na ahadi ya namna hiyo njia ya Ugogo haikuwa nayo.

Kitu kilichoikaribia zaidi kilikuwa katika hesabu za matajiri. Mali ya msafara, mara nyingi, haikuwa mali ya mwenye msafara. Tajiri alikaa Unguja au Bagamoyo, akatoa nguo za merikani na kaniki, ushanga, masango na baruti kwa mkopo wa mwaka mmoja, miwili au zaidi, kwa sharti kwamba mkopaji arudi na pembe. Jina lililotangaa kuliko yote ni la Taria Topan, Khoja wa Unguja, aliyemkopesha Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ajulikanaye kwa lakabu ya Tippu Tip, ambaye baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa na makao yake karibu na Tabora na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Na nyuma yao wote ilikuwapo nyumba ya Jairam Sewji iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Tajiri hakuweza kujua kama Ugogo kutakuwa na njaa wala kama ndui itawakuta watu Mgunda Mkali, kwa hiyo aliitia hatari yote ndani ya bei: nguo iliyouzwa kwa taslimu kwa thamani fulani, ilipotolewa kwa mkopo wa bara ilihesabiwa kwa thamani kubwa zaidi, na ziada hiyo ndiyo iliyokuwa ujira wa kuthubutu kwake.

Ziada hiyo ilifanana na ada ya bima, isipokuwa ilipungukiwa na roho ya bima. Katika biashara ya bahari walikuwapo tangu kale watu waliokopeshana kwa sharti kwamba chombo kikizama deni nalo limezama. Mwenye mali na mwenye chombo wakashiriki msiba mmoja. Njia ya nchi kavu haikujenga desturi ya namna hiyo. Mkopaji alilipa bei ya hatari, na hatari ilipotokea kweli, pembe zikaporwa na watu wakafa, yeye aliendelea kudaiwa vile vile, na akifa deni liliwafuata warithi wake. Ndiyo sababu Tabora na Ujiji zilikuwa na wafanyabiashara waliokaa bara miaka mingi wasirudi pwani, maadamu pwani palikuwa na daftari lenye majina yao.

Na chini ya tajiri na mkopaji alikuwapo mpagazi. Huyu ndiye ninayemfikiri zaidi, kwa kuwa ndiye aliyeibeba njia nzima mabegani. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, na juu ya hapo alichukua kitanda chake cha mkeka, sufuria, silaha yake na chakula cha njiani. Alipatana ujira wake kabla ya kuondoka, akapokea sehemu yake mkononi, na sehemu nyingine akaahidiwa mwisho wa safari. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku au nguo ya kununulia chakula. Hakuwa mtumwa wa mwenye msafara, ingawa katika misafara mingi walitembea pia watumwa ambao hawakupatana na mtu juu ya jambo lolote, nao waliuawa na njia hii kwa idadi ambayo haikuandikwa na daftari lolote. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru aliyeuza kazi kwa safari moja, kisha akarudi kulima shamba lake mvua zilipokaribia. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mtu wa mkataba.

Uhuru huo ulikuwa na thamani yake, nao ulikuwa na gharama yake. Mpagazi aliweza kukataa safari, kugoma kambini mpaka posho iongezwe, kuchagua kirangozi anayemwamini na kumkimbia bwana mkatili. Alipougua, walakini, aliachwa katika kijiji cha karibu, na pengine aliachwa chini ya mti. Alipovunjika mguu katika mteremko wa Usagara, ujira wake ulikoma mahali pale pale. Na alipokufa, mtumba wake uligawiwa wenziwe na msafara ukaendelea. Mali ya tajiri ilikuwa na bei yake ya hatari iliyohesabiwa Unguja kwa kalamu. Mwili wa mpagazi haukuwa na hesabu ya namna hiyo mahali popote. Katika kugawana hasara za njia hii, mwenye kidogo ndiye aliyechukua sehemu kubwa, na jambo hili halikuwa kadari tu, bali lilitokana na mapatano yaliyofanywa bila yeye kuulizwa.

Mwenye mali naye hakuwa salama kwa kuwa na mali. Mwaka 1871 David Livingstone alirejea Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa na amechoka, akitumaini kukuta bidhaa alizoletewa kutoka Unguja. Alikuta zimekwisha. Mtu aliyekabidhiwa kuziongoza alikuwa ameziuza, akidai kwamba bao lilimwonyesha kuwa mwenyewe amekufa, na mzee yule akabaki kama maskini hapo sokoni mpaka Henry Stanley alipomfikia. Shehena nyingine ya Livingstone ilikuwa imelala Unyanyembe kwa miezi, kwa sababu vita vilikuwa vimeifunga njia. Naam, mwaka huo huo Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Tabora. Walipomwendea kwa silaha aliwangojea wanaporudi akawavunja, na mwezi wa Agosti akaingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu yake, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakuu wa Waarabu hao, akauawa. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo njia ya Ujiji ilikuwa wazi au imefungwa kwa kadiri ya utashi wa Mirambo, na pembe zilizokwisha kununuliwa zililala ghalani huku riba ya pwani ikitembea bila kuchoka. Mpaka leo, mtu akiisoma hati yoyote ya bima ya gari, atakuta mahali palipoandikwa kwamba hasara ya vita haifidiwi. Wafanyabiashara wa Tabora wangalilielewa sharti hilo bila kufafanuliwa.

Sasa nafika kwa mtu ambaye habari zake zinagusa jambo letu kwa karibu kuliko wote. Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland, alikuja nchi hizi mwaka 1878 kuitumikia jumuiya ya wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, akapewa kazi ya kuongoza misafara yao. Baada ya kufiwa na mkewe wa kwanza alimwoa Limi, mwanamke wa Kinyamwezi wa ukoo wa watawala, akajenga makao yake Usongo kaskazini mwa Tabora, akaachana na misheni na kujitegemea: akawa mtu wa kuchukua mali za watu kwa ijara, wamisionari leo, wafanyabiashara kesho, serikali ya Kijerumani keshokutwa. Huko Bagamoyo, Sewa Haji Paroo naye alikuwa amejenga biashara kubwa ya kukusanya wapagazi na kuwatengenezea wageni misafara yao. Hawa wawili, mmoja wa bara na mmoja wa pwani, waliishi kwa kuahidi kwamba mzigo wa mtu mwingine utafika. Na hilo ni jambo jingine kabisa mbali na kubeba mzigo wako mwenyewe, maana ukipoteza chako umepata hasara, lakini ukipoteza cha mwenzio umepata hasara na deni kwa pamoja.

Stokes alikufa vibaya. Mwaka 1895, akiwa na msafara wake mashariki ya Kongo, afisa wa serikali ya Mfalme Leopold aitwaye Lothaire alimkamata kwa shutuma ya kuwauzia silaha maadui wa serikali hiyo, akamhukumu upesi upesi usiku, akamnyonga. Ulaya ilikasirika, na serikali ya Kongo ikalipa fidia: faranga 150,000 kwa Uingereza na faranga 100,000 kwa Ujerumani. Hiyo ni fidia kubwa kuliko zote nizijuazo zilizotokana na msafara mmoja katika nchi hizi, nayo haikulipwa kwa mapatano yaliyofanywa kabla ya safari. Ililipwa kwa sababu mkandarasi yule alikuwa raia wa dola yenye nguvu. Wapagazi waliopotelea katika misitu ya Kongo kabla yake na baada yake hawakuwa na dola ya kuwadai.

Mambo yalibadilika kwa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari iliyowachukua Burton na Speke siku 134 ikawa safari ya siku chache. Mpagazi wa masafa marefu alitoweka katika njia kuu kwa muda wa miaka michache, akarudi mara moja tu kwa msiba, wakati Vita Kuu ilipowachukua Waafrika kwa maelfu mengi kubeba vyakula na risasi za majeshi mawili, wengi wao wasirudi. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 wakiwa na msururu wa wachukuzi nyuma yao. Baada ya vita Waingereza wakaitawala nchi, na mwaka 1928 tawi la reli likafika Mwanza kutoka Tabora.

Kisha yakaja malori. Reli ililisha mji, na lori likalisha vijiji visivyokuwa na reli. Katika Urambo, nchi ile ile ya Mirambo, serikali ya Kiingereza ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1940 mashamba makubwa ya karanga, ikaleta matrekta na malori mengi, na mradi ulipoanguka tumbaku ikachukua nafasi yake, nayo ikahitaji malori zaidi. Pamoja na magari ilikuja sheria. Uingereza yenyewe ilikuwa imeifanya bima ya magari kuwa ya lazima kwa sheria ya mwaka 1930, na Tanganyika nayo ikapata sheria yake ya bima ya magari, ambayo mpaka leo imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania kama Sura ya 169. Maana ya sheria hiyo ilikuwa mpya katika njia ya Unyanyembe. Kwa mara ya kwanza, mtu aliyekuwa akipita kando ya njia, asiyekuwa na mkataba na tajiri wala na dereva, alipewa haki ya kulipwa akiumizwa na chombo cha safari ya wengine. Msafara wa zamani haukupata kumfikiria mtu huyo.

Baada ya uhuru, Shirika la Bima la Taifa, NIC, liliundwa mwaka 1963, na kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara yote ya bima upande wa Bara ikawekwa mikononi mwake. Kwa karibu miaka 30 mwenye gari wa Tabora hakuwa na uchaguzi wa kampuni. Aliyetaka bima alikwenda NIC. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na sheria ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Tangu hapo uchaguzi umekuwa mwingi, mawakala wamekuwa wengi, na mtu huweza kukata bima kwa simu akiwa amesimama kituo cha mafuta. Wepesi huo ni neema, lakini nao umeleta hatari ambayo msafara haukuijua: mtu hulipa kabla ya kuulizwa gari lake linafanya kazi gani.

Wala sipuuzi wale waliokataa bima kwa ajili ya dini. Wanazuoni walijadili jambo hili tangu zamani. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya bima ya vyombo vya bahari na hakuona kuwa ni halali kwa mfanyabiashara wa Kiislamu kupokea badali ya mali yake kwa njia hiyo katika nchi ya Kiislamu. Mji wa Tabora, wenye misikiti mikongwe na wacha Mungu wengi, ulikuwa na haki ya kusita. Katika zama zetu umepatikana mpango wa takaful, ambao wanachama wake huchangiana kusaidiana, na katika miaka hii ya karibuni umeanza kufunguliwa Tanzania kwa kanuni rasmi. Basi mwenye kusita ana mlango wa kugonga badala ya kukaa bila kinga.

Narudi kwa fundi wetu wa Tabora. Mkoa wa Tabora umerudi kuwa nchi ya safari za kazi. Reli ya kisasa inajengwa, bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Nzega na Igunga, barabara za lami zimefika mahali ambapo baba zetu walipita kwa miguu, na kila mradi mkubwa hugawa kazi kwa makandarasi wadogo, nao hugawa kwa mafundi walio wadogo zaidi. Mtu wa mwisho katika mnyororo huo ndiye mwenye pikapu. Si mtumishi wa kampuni kubwa, hana mshahara, hulipwa kazi inapokamilika. Na endapo chombo chake kitaanguka katika vumbi la Ipole, kampuni iliyo juu yake itamwambia kwa haki kabisa kwamba gari halikuwa lao.

Yampasa mtu huyu ajue kwamba makampuni ya bima huyagawa magari kwa kazi zake, na kwamba mgawanyo huo ni ule ule uliokuwapo kati ya misafara. Liko gari la matumizi binafsi, la kwenda msibani, sokoni na kanisani au msikitini. Liko gari la biashara libebalo mali na vifaa vya mwenyewe, kama Mnyamwezi aliyeteremka Bagamoyo na pembe zake. Liko gari libebalo mizigo ya watu kwa ujira, kama msafara wa Stokes. Na liko gari la abiria wa nauli. Ada za makundi hayo hazilingani, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: mwenye pikapu huandikisha matumizi binafsi kwa kuwa ni nafuu, kisha Jumatatu hupakia saruji. Mapatano ya bima yamejengwa juu ya kusema kweli. Gari likianguka likiwa katika kazi ambayo haikuandikwa, kampuni ina hoja ya kukataa kulitengeneza, na yule aliyelipa ada kila mwaka hugundua kwamba alikuwa akilipia gari jingine, gari lililobaki nyumbani katika karatasi.

Iko pia kanuni ya thamani, ambayo wengi hawaifahamu mpaka siku ya msiba. Aliyekata bima kubwa, ile ilipiayo hata gari lenyewe, kwa gari lenye thamani ya shilingi milioni 30 akaliandika kuwa la milioni 15 ili ada ipungue, amekubali, bila kujua, kuwa kampuni imechukua nusu ya hatari na nusu nyingine amebaki nayo mwenyewe. Likipata madhara ya milioni 6, aweza kulipwa milioni 3, na humo bado kitatolewa kile kiasi cha kwanza ambacho hati humtaka mwenye gari achangie katika kila dai. Wala bima ya gari, kwa kawaida, haikingi saruji, jenereta na mashine zilizopakiwa nyuma. Hizo zina bima yao ya mizigo iliyo safarini, na mkandarasi abebaye vifaa vya thamani kuliko gari lenyewe angefanya vema kuiuliza. Na bima ndogo, ile ya lazima, humlinda mtu wa kando tu. Ni wajibu wa sheria na ni haki ya majirani zetu, lakini mwenye kuishi kwa gari lake asidhani kwamba imemlinda yeye. Kwa maoni yangu, mtu ambaye gari lake ndilo jembe lake, na bado hajamaliza kulipa mkopo alionunulia, hana udhuru wa kukosa bima kubwa ya biashara ikiwa uwezo upo. Mkopaji wa Tabora wa zamani aliendelea kulipa deni la pembe zilizoporwa kwa sababu hakuwa na hiari. Huyu wa leo anayo.

Wabaki vibarua walioketi juu ya mifuko ya saruji. Hao ndio wapagazi. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ulianza kazi mwezi wa Julai 2015, ukimtaka kila mwajiri kuchangia ili mfanyakazi aumiaye kazini atibiwe na kulipwa, na akifa warithi wake wapate haki yao. Ni sheria niipendayo kuliko zote zilizotajwa hapa, kwa kuwa imegusa mahali ambapo njia ya Unyanyembe haikugusa kwa miaka yote ya misafara. Mkandarasi mdogo ambaye huwahesabu watu wake kuwa wapitaji ili asichangie, kisha akawapandisha nyuma ya pikapu isiyoandikwa kuchukua watu, amewaweka mahali pale pale walipoachwa wazee wao chini ya mti.

Ndugu mkandarasi, itoe hati yako ya bima leo, uisome mahali palipoandikwa matumizi ya gari, mahali palipoandikwa thamani, na mahali palipotajwa watu na mizigo. Hakikisha kwa simu kwamba stika yako imo katika mfumo wa Mamlaka, kwa kuwa karatasi za kughushi zimewahi kuuzwa kwa watu waaminifu. Mweleze wakala wako kazi yako kama ilivyo: wapi unakwenda, unabeba nini, ni cha nani, na wako wangapi nyuma. Akikuambia ada itapanda, mwombe akuandikie kwa hesabu ni kiasi gani, kisha ukiingize katika bei ya zabuni yako ijayo, kama alivyofanya tajiri wa Unguja. Na kama hati yako imeandikwa matumizi binafsi, usipakie saruji kesho kabla haijabadilishwa.